Hataza Hazihesabiwi Kama Magoli

Kila inapotoka orodha ya nchi zenye maombi mengi ya hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), watu huisoma kama msimamo wa ligi: China kileleni, Marekani inafuata, na chini huko wanaopigania kutoshuka daraja. Mimi msimamo huo haunisisimui. Maombi nchini China yalipita milioni 1 kwa mwaka mnamo 2015, lakini enzi hizo serikali za mikoa zilikuwa zikitoa ruzuku kwa waombaji. Ukilipia makaratasi, utaletewa makaratasi. Uswisi nayo haikuwa na sheria ya kudumu ya hataza hadi 1888, ilhali saa zake zilishapelekwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851. Kwa hesabu ya hataza za nyumbani, taifa zima la mafundi lingepewa sifuri.

Utamu wa data ya hataza umo ndani ya hati yenyewe. Humo mna majina ya wavumbuzi na wanakoishi, mmiliki na makao yake, na hataza za zamani zilizorejelewa. Mvumbuzi mmoja yuko Ujerumani, mwenzake Japani, ombi ni moja: huo tayari ni uzi. Kusanya nyuzi za kutosha, utaona nani hufanya kazi na nani.

Sasa chukua mhandisi anayeishi India, hataza yake ikamilikiwa na kampuni ya Marekani. Uvumbuzi huo tuuandikie nchi gani? Ukifuata makazi ya mvumbuzi unapata jibu moja, ukifuata makao ya mmiliki unapata jingine. Mimi hulitazama pengo lililo kati ya majibu hayo, maana ndilo linaloonyesha akili zinakaa wapi na umiliki unakwenda wapi. (Tena baadhi ya makao huchaguliwa kwa ajili ya kodi tu.)

Marejeo nayo yana mtego. Wachumi Jaffe, Trajtenberg na Henderson walionyesha mwaka 1993 kwamba hataza hurejelea zaidi zile zilizotoka karibu nazo, kana kwamba maarifa huona uvivu kusafiri. Ila marejeo mengi huongezwa na mkaguzi wa ofisi ya hataza. Mvumbuzi mwenyewe huenda hakuwahi kuzisoma hataza hizo zilizorejelewa.

Halafu ombi kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa mara ya kwanza. Ushirikiano unaoushangilia leo kwenye jedwali, pengine wenyewe hawasalimiani tena.