Bastola ya Mbambakofi

Naapa sikumlenga Ami Nahodha. Nililenga ukuta wake, yeye ndiye aliyetokea mbele yake na kikombe cha kahawa.

Mimi hushindana kwa bastola ya upepo, ile ya mita 10: risasi 60 ndani ya dakika 75, umesimama, mkono mmoja umenyooka na wa pili umeutia mfukoni kama unasaka chenji. Duara la kumi, lile la katikati ya shabaha, lina upana wa milimita 11.5, sarafu ya shilingi moja inalifunika na kubakisha. Mashindano ya mwisho nililiona duara hilo kwa macho tu. Kila nikikaribia kufyatua, kidole kinashtuka, mtutu unainama, risasi zinaangukia chini kama embe bovu.

Kocha wangu wa bara akachoka. "Nenda kwenu Lamu, usipige hata risasi moja. Fanya kavu."

Kufanya kavu ni kuvuta kifyatulio bila risasi, umeukabili ukuta mweupe usio na alama. Ukuta hauna cha kukuvutia, basi jicho linatulia kwenye kile kijipande cha kulengea kilicho mbele ya mtutu, na hapo unaona aibu yako yote: kidole kinavyoipeleka bastola mrama. Dakika 15 kila siku, si saa tatu za Jumamosi kisha wiki nzima hujaigusa. Halafu ukishafyatua usishushe mkono. Hesabu mbili, ndiyo ushushe.

Bastola yenyewe ilibaki kwenye sefu ya klabu, na ni heri. Nikaenda kwa fundi wa milango, nikamwomba anichongee mfano wake kwa kipande cha mbambakofi. Fundi wa Lamu humwambii achonge kitu kitupu. Nilipokwenda kuichukua, mpini wote ulikuwa maua, utadhani imebanduliwa mlangoni mwa bwana harusi. Tukaijaza chubwi za mshipi hadi ikafika kilo moja hivi, kifyatulio tukakifunga mpira wa manati. Kanuni inataka kifyatulio kihimili gramu 500, basi tukakitundikia chupa ya maji ya nusu lita. Kikahimili. Fundi akafurahi kuliko mimi.

Siku tatu nilifanya chumbani, shilingi juu ya mtutu. Siku ya kwanza ilianguka kila nikivuta, mama akaniuliza huko ndani nahesabu pesa za nani. Siku ya tatu ilianguka mara mbili tu. Ya nne joto la kaskazi likanitoa chumbani alfajiri, nikapanda sakafu ya juu. Ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, ukuta wa Ami Nahodha ulikuwa umepakwa chokaa mpya, hauna doa. Ukuta kama ule huuachi.

Nikanyoosha mkono, jicho kwenye kijipande cha mbele. Ukilenga sawasawa, chochote kilicho nyuma yake kinakuwa ukungu. Ukungu ukaingia weusi kidogo, nikadhani ni kivuli cha kunguru. Nikavuta polepole. Tik. Shilingi haikutikisika! Moja... mbili...

"Ni mimi!" ukungu ukapiga kelele. "Wallahi ni mimi! Jimbi wa mamako nimemla mimi!"

Nikaacha kuangalia kijipande. Ami Nahodha kasimama na kikoi, mikono juu, kahawa inamtiririka hadi kwapani.

Jimbi mwenyewe alipotea mwezi wa nne uliopita. Mama alimlaumu paka, akamlaumu mtoto wa muuza samaki, akakosana na shoga yake hadi leo hawapeani mkono. Nikashusha bastola na kusema, "Ami, ni ya mti." Lakini maneno yalikuwa yashasikika vichochoro viwili, na mama alikuwa ngazini, mwiko mkononi.

"Nahodha! Ulimla na nini?"

"Na wali," akasema, mikono bado juu. "Akiwika saa tisa za usiku, mamake. Kila siku saa tisa!"

Mimi sikupona. Mama aliniuliza kama kocha wangu hakunifunza kuwa silaha haielekezwi mtu, hata ikiwa tupu, hata ikiwa na maua. Alinifunza. Ni kanuni ya kwanza kabisa, kabla ya kuambiwa usimame vipi. Nikarudishwa chumbani, dirisha limefungwa, joto lote langu.

Ami alilipa kwa jimbi mpya, mwekundu, kifua mbele. Huyu hangoji saa tisa, huanza saa nane. Kwa vile ananiamsha, nami huinuka, nawasha taa, naweka shilingi yangu juu ya mtutu. Juzi alipowika mara ya sita, nilisikia dirisha la ng'ambo likifunguliwa, na sauti ya chini chini:

"Mwanangu. Ile ya kweli utakuja nayo lini?"