Kahawa Iliyofika Kwenye Pangaboi

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hajawahi kukutana na mashine asiyoijua. Mwoneshe pasi ya mvuke, atakueleza mvuke unapita wapi. Mpandishe lifti, atakuhesabia nyaya zinazoivuta. Kuzitumia ndiko kunakomshinda, ila hilo halijawahi kumkosesha usingizi.

Basi siku hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, joto limekaza hadi mbu wameahirisha shughuli, naye akasema taratibu, bila kumlenga mtu, "Nina hamu na kahawa, lakini ya moto leo siiwezi." Nikamtazama shemeji. Macho yalikuwa yameshawaka. Nikajua tumekwisha.

"Mama, wewe tulia hapo hapo," akasema, akimsogezea kiti karibu na mlango wa jikoni apate upepo wa pangaboi. "Leo utakunywa kahawa ya barafu, ile ya hoteli kubwa."

Mama mkwe akatulia. Alikuwa amevaa gauni jeupe pe na kilemba cheupe. Naitaja hiyo nguo mapema kwa sababu tutaihitaji.

Mashine yenyewe ya kahawa ni ya kawaida tu, ya kukaa juu ya kaunta. Tangi la maji liko nyuma, kikapu cha chujio juu, na jagi la kioo chini, limekaa juu ya sahani ya moto. Swichi ni moja. Ukiiangalia huwezi kuidhania ubaya.

Shemeji akafungua friza, akatoa trei zote za barafu, akazipindua moja baada ya nyingine ndani ya tangi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Shem, tumia akili. Kikiingia baridi, kitatoka baridi."

Mimi ni mtu wa kusoma vile vijitabu vinavyokuja na mashine, ugonjwa ambao mke wangu ameuzoea. Nikajaribu kumweleza. Mashine za namna hii nyingi hazina hata pampu. Maji yanateremka yenyewe kutoka tangini, yanapita kwenye vali ndogo isiyoruhusu kurudi nyuma, yanaingia kwenye bomba jembamba lililoshikana na waya wa joto, ule ule unaopasha sahani. Yakichemka humo, mapovu ya mvuke ndiyo yanayoyasukuma hadi juu, yadondokee kwenye unga wa kahawa. Yaani maji yasipochemka hayaendi popote. Ukiitilia theluji ya mlimani, itaichemsha vile vile, bila chuki.

"Hiyo ni nadharia," akasema, akawasha.

Barafu ikaelea tangini kwa raha zake. Mashine ikavuta vile vijitone vilivyokwisha kuyeyuka, ikakoroma kama mzee aliyeshiba, ikanyamaza. Kipande kingine kikayeyuka, ikapata funda, ikakoroma tena. Tulisimama pale tukiisikiliza mpaka mke wangu akaja kuuliza nani amelala jikoni. Mwishowe kahawa ikajaa jagini, inafuka moshi. Shemeji akachovya kidole kuhakikisha, akakichomoa mbio, akakitia mdomoni.

"Lakini si moto sana," akasema, kidole kikiwa bado mdomoni.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba barafu ya kutia kwenye glasi haipo. Yote tumeshaichemsha. Sijui kama kuna nyumba nyingine duniani iliyowahi kuunguza barafu yake yote kwa ajili ya kutafuta kinywaji baridi, ila kama ipo ningependa tufahamiane. Mke wangu akachukua ndoo, akaenda kwa jirani kuomba. Alipoulizwa barafu yote hiyo ni ya nini, alisema kuna mgonjwa. Sikumlaumu, na ukimtazama mdogo wake wala hakusema uongo.

Ndoo iliporudi, shemeji alikuwa amekwisha kumpata mchawi, naye ni jagi. Kioo, akasema, kinatunza joto. Akaliondoa, akaweka bakuli la plastiki lililojaa barafu pale pale chini ya kikapu, ili kahawa idondoke moja kwa moja kwenye baridi. Wazo lenyewe, nikiwa mkweli, halikuwa baya. Tatizo ni kwamba chini ya kile kikapu kuna kizibo chenye springi. Kifuniko cha jagi ndicho kinachokisukuma kikafunguka. Ukiondoa jagi, kizibo kinajifunga. Waliobuni walitaka mtu aweze kujimiminia kikombe katikati ya shughuli bila kudondoshea sahani. Hawakuwa wamefikiria bakuli. Hili la shemeji lilikuwa fupi, halikugusa kitu, kwa hiyo kikapu kilijaa kimya kimya, kikafurika, na kahawa ikateremka pamoja na machicha yake juu ya kaunta mpaka kwenye droo ya vijiko, ambayo bila shaka ilikuwa wazi.

Vijiko tulivisuuza. Harufu tumeizoea.

Mama mkwe alikuwa bado ametulia. Alikuwa anajipepea kwa gazeti, anatutazama kupitia mlango kwa uso usiosema kitu.

"Jamani," mke wangu akasema, "si mumimine tu hiyo kahawa ya moto kwenye glasi yenye barafu?"

Nikasema inawezekana, lakini hesabu yake ina ukali. Chukua gramu 200 za kahawa iliyo kwenye nyuzi 90. Ukitaka ishuke hadi karibu na sifuri, lazima itoe joto la jouli kama 75,000. Gramu moja ya barafu inapoyeyuka inameza jouli 334. Gawanya mwenyewe: unahitaji barafu inayozidi gramu 220, maana yake barafu nyingi kuliko kahawa, na yote inageuka maji humo humo ndani ya glasi. Ndiyo maana kahawa ya kawaida ikimiminwa kwenye barafu inaishia kuwa maji ya kusuuzia kikombe. Dawa yake ni kuipika kali maradufu tangu mwanzo, ili barafu ikishayeyuka ndipo ikae sawa. Nilikuwa naanza kutafuta kalamu.

"Shem," akasema shemeji, "Mama ana kiu, wewe unafungua darasa."

Na bila kusubiri akavuta blenda.

Hapa naomba tuende polepole, maana mambo yenyewe yalikwenda haraka. Alimimina kahawa ya moto hadi karibu na shingo ya jagi la blenda. Akatia maziwa. Akatia sukari kwa mkono wa mtu anayetaka kusifiwa. Barafu akatia vipande vichache tu, kwa hoja kwamba nyingi itaifanya nyepesi, na hilo ndilo neno pekee la maana lililotoka kinywani mwake siku ile. Akafunika. Katikati ya kifuniko cha blenda yetu kuna kikofia kidogo kinachochomoka. Kijitabu kinasema ukisaga kitu cha moto ukichomoe, uweke kitambaa juu ya lile tundu, usijaze hata nusu, na uanze na mwendo mdogo. Shemeji alikiona kile kikofia, akakigandamiza kwa kiganja mpaka kikalia.

"Isije ikavuja," akasema.

Nikafungua mdomo. Akabonyeza kitufe kikubwa.

Kinachotokea humo ndani ni hiki. Visu vinairusha kahawa ya moto juu, inakutana na hewa iliyokuwa imetulia chini ya kifuniko. Hewa inapashwa moto ghafla, mvuke unaongezeka, vyote viwili vinatafuta nafasi ya kukaa, na nafasi hakuna. Kitu kimoja lazima kihame.

Kilihama kifuniko. Kilipanda wima, na mnara wa kahawa ya maziwa ukakifuata nyuma. Katika nyumba nyingine mambo yangeishia darini. Kwetu kulikuwa na lile pangaboi, mwendo wa mwisho, kwa ajili ya kumpepea Mama.

Sijawahi kuona ugawaji wa haki kuliko ule. Ukuta wa kushoto ulipata, wa kulia ulipata, mapazia yalipata, kalenda ikapata mwezi mzima. Mimi nilipata kuanzia kifuani kwenda juu. Kifuniko chenyewe kiligongwa na panga, kikaruka kupitia mlangoni, kikazunguka mara moja hewani, kikatua mapajani kwa mama mkwe, juu ya lile gauni. Kahawa ikafuatia. Bahati yetu, kwa maziwa ya friji na safari ile ndefu ya kwenda juu na kurudi, ilitua ikiwa vuguvugu tu, haikumuunguza mtu.

Blenda ikaendelea kunguruma, tupu.

Nikaizima. Nikapangusa macho nimtafute shemeji, nikiamini amejeruhiwa. Akainuka taratibu kutoka nyuma ya kaunta. Hakuwa na tone. Shati kavu, nywele kavu, hata ndala zake zilikuwa safi. Alikuwa amechuchumaa kabla ya kubonyeza, mkono mmoja tu juu. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na siwezi kulisamehe: mtu mwenye imani na kazi yake habonyezi kitufe akiwa amechuchumaa.

Kukawa kimya, isipokuwa matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye pangaboi. Mama mkwe alipitisha kidole shavuni, akakiangalia, akakilamba.

"Sukari imezidi," akasema.

Kisha akasimama, akakunja mikono ya gauni, akaingia jikoni. Sisi tukabana ukutani kumpisha. Alipima kahawa ile ile ya kutosha jagi zima, lakini maji akatia nusu tu ya kipimo. Jagi akalirudisha mahali pake, chini ya kizibo, likalia vizuri. Kahawa ilipokwisha kuchuja, nyeusi tititi, alitia sukari papo hapo ikiwa bado moto, kwa sababu kwenye baridi inakaa chini ya glasi na kukutazama. Barafu akaijaza kwenye sufuria, akaimiminia kahawa juu yake, akakoroga kwa mwiko. Ilipopoa akaichuja ile barafu iliyobaki, akaijaza kwenye glasi zenye barafu mpya, akamalizia na maziwa. Ile iliyobaki sufuriani akaitia kwenye trei, akaisukuma ndani ya friza. "Hii itakuwa barafu ya kesho," akasema. "Ikiyeyuka, inayeyuka kahawa."

Hakuna aliyethubutu kuongea. Ile kahawa ilikuwa nzuri kwa namna ya kuudhi.

"Mama," mke wangu akasema hatimaye, "kumbe unajua! Mbona hukusema?"

"Niliambiwa nitulie."

Jioni shemeji alipandishwa ngazi, akapewa kitambaa na ndoo, asugue pangaboi panga kwa panga. Mimi nilishika ngazi. Alifanya kazi kwa unyenyekevu, na kwa kitambo nikadhani jambo limemwingia. Halafu nikamwona amesimamisha kitambaa. Anaitazama mashine kutoka kule juu, kichwa amekiinamisha upande.

"Shem," akasema kwa sauti ya chini, "hivi lile tangi tukilijaza soda, unadhani itatoka na gesi yake?"

Mama mkwe alikuwa sebuleni, lakini yule mama ana masikio. Alikuja, akaenda moja kwa moja kwenye blenda. Akachukua kifuniko, akakiosha, akakifuta mbele na nyuma, akakitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Mama, soda ni ya kwenye mashine, si ya kwenye blenda," shemeji akalalamika kutoka darini.

"Najua. Na hatua inayofuata pia naijua."

Aliondoka nacho. Nilipombebea mkoba kumsindikiza, nilimuuliza kwa adabu zote tutakipata lini. Akasema siku mwanawe atakapooa, atakikabidhi kwa mkewe mkononi, pamoja na maelezo.

Shemeji mpaka sasa hana hata mchumba. Blenda tunaifunika kwa sahani.