Fomu 92 na Mbwa wa Jirani

Mpwa wangu anasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Kampala. Juzi alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba, naomba unisomee sura ya nne kabla ya Ijumaa." Shikamoo yake huja pamoja na ombi, siku nyingine ni "mambo" tu. Nikaifungua sura hiyo nikiwa na kikombe cha chai, na nilipoimaliza chai ilikuwa imepoa na mimi nimekasirika, ingawa si kwa sababu yake yeye.

Utafiti wake unahusu lugha na utambulisho wa waendesha bodaboda wa steji moja ya Nateete. Somo zuri. Rejista ya mwenyekiti wa steji ina majina 120, na msimamizi wake alimwelekeza kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, lile ambalo kila mwanafunzi wa Uganda analijua hata kama hajui Krejcie alikuwa nani. Ukiwa na watu 120, jedwali linakwambia uwahoji 92. Basi binti akachapisha fomu 92, kila moja na visanduku vitano, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Sentensi ya kwanza: Ninajivunia lugha yangu ya mama. Karibu wote walikubali sana. Ungetegemea nini? Nani atamwambia msichana wa chuo, mbele ya wenzake, kwamba haionei fahari lugha ya mama yake?

Nikampigia. Nikamuuliza: walipokuwa wanajaza, walikuwa wanaongea lugha gani? Akacheka. "Mjomba, hapo ndipo penyewe."

Akanisimulia juu ya kijana mmoja aliyekuwa anajaza fomu akiwa ameiweka juu ya tangi la pikipiki. Simu ikalia, mama yake kutoka Bugiri, akaongea Kisoga kwa sauti ya chini kama mtoto. Abiria akaja na mfuko wa viazi, bei ikapatanwa kwa Kiganda, nnyabo nyingi, yaani "mama" kila neno la pili. Fundi akapita akidai pesa ya pulagi, wakajibizana kwa Kiswahili na matusi mawili matatu ya kirafiki. Kisha akatokea askari wa trafiki. Kijana akashusha mabega: "Samahani afande, naitoa sasa hivi afande." Lakini alipoinua macho akasoma jina kwenye kifua cha askari, jina la Kisoga, naye akahamia Kisoga palepale. Wakacheka. Pikipiki ikabaki ilipokuwa. Kijana akarudi kwenye fomu, akazungushia "nakubali sana", akamrudishia binti kalamu yake.

Lugha tatu katika muda usiotosha kula chapati, na mojawapo akaitumia kwa kazi mbili tofauti: utani kwa fundi, unyenyekevu kwa afande. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyoingia sura ya nne. Ndani yake kuna asilimia na mchoro wa duara wenye rangi.

Mimi ni mtu wa Busia, ndiyo maana jambo hili linanigusa. Neno bodaboda lilizaliwa kwetu. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu kati ya upande wa Uganda na upande wa Kenya huku wakiita "boda! boda!", neno la Kiingereza la mpaka likiwa limepita kwenye midomo yetu likatoka na sura nyingine. Leo mtu anatoka kijijini kwake na jina alilopewa na babu, anafika Kampala, na kutwa nzima anaitwa "ggwe boda!", wewe boda, naye anageuka. Hilo nalo ni utambulisho, na hakuna kisanduku chake.

Tena neno lenyewe, utambulisho. Fomu ya binti ilikuwa ya Kiingereza, akawa anawafasiria wenye shida ya kusoma. Alipofika swali la saba, lililotaka kujua utambulisho wa mtu, mzee mmoja alitia mkono mfukoni akatoa endagamuntu yake, kadi ya taifa, akampa aikague. Si ujinga. Katika nchi hii mtu anayekuuliza wewe ni nani kwa kawaida anataka kadi. Katiba yetu ina orodha ya jamii 65 za wenyeji, na kuna watu wamehangaika miaka kutafuta kuwemo. Mzee alilijibu swali sawasawa. Binti aliandika "hakuelewa".

Na jambo moja dogo ambalo alilitaja tu kwa kupita: kila alipomkabidhi fomu mtu mzima, alipiga magoti. Kalelewa Buganda, hawezi kumpa mzee kitu akiwa amesimama. Sura ya tatu inasema "hojaji ziligawiwa kwa wahojiwa". Zilipigiwa magoti! Huyo mzee aliyepigiwa magoti alimjibu nani, mtafiti au mjukuu?

Lakini kisa ambacho sijakitoa kichwani ni cha mama mwenye nyumba wangu, ambaye sote tunamwita jjajja, yaani bibi. Kabla ya kwenda steji, binti alikuja kuijaribu fomu yake kwangu, akaanza na jjajja. Je, unazungumza Kiswahili? Jjajja akajibu kwa Kiganda, "Oluswayiri silumanyi", hakijui. Kisanduku kikatiwa alama. Dakika chache baadaye mbwa wa jirani akaingia uani kunusa sufuria, na jjajja akanguruma: "Toka! Toka hapa, mjinga!" Mbwa akatoka.

Binti akamuuliza hayo ameyajulia wapi. Jjajja akaanza kuhesabu kwa vidole, kama mtu anayesali rozari: panda. Shuka. Lala chini. Leta. Fungua. Kitambulisho iko wapi. Kisha akanyamaza, akaendelea kumenya matooke.

Walio na umri wanajua orodha hiyo imetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Obote, wanajeshi walikuwa wakizingira mitaa, wakikusanya watu na kuwapakia kwenye malori kwenda kuchujwa. Wengine hawakurudi. Operesheni hizo mpaka leo Waganda wanaziita panda gari, kwa Kiswahili hichohicho cha aliyekuwa ameshika bunduki. Kiswahili cha jjajja ni maneno kumi hivi, na yote ni amri.

Ajabu yenyewe ni kwamba huyohuyo anaagiza ssabbuuni na ssukaali dukani, anaweka ekitabo cha sala juu ya emmeeza, na anauliza ni ssaawa ngapi. Hayo kwake ni Kiganda, na ana haki.

Sasa chukua hayo uyaweke karibu na mijadala yetu ya lugha. Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kila mara wanafunzi hutumwa na fomu kuuliza watu wanakubali au hawakubali, na kila mara mapendekezo ni walimu zaidi na vitabu zaidi. Mimi ninakipenda Kiswahili, ndicho kilichonilea, na walimu nawataka. Ila mwalimu atakayekuja na ngeli za nomino hajui kwamba mwanafunzi wake ana bibi mwenye maneno kumi.

Siwalaumu sana wasimamizi. Mmoja anaweza kuwa na wanafunzi wengi wa kuwasoma kwa muhula mmoja, na fomu inahesabika. Mwanafunzi naye hana nauli ya kukaa steji wiki mbili. Na wapo wasiokwenda popote, wanaolipia utafiti wao kwenye vibanda vya uchapaji, hao tuwaache. Lakini si kweli kwamba kusikiliza si sayansi. Mwanaisimu Mmarekani Dell Hymes alisema tangu miaka ya 1960 kwamba ukitaka kujua lugha ya jamii, tazama nani anaongea na nani, wapi, kwa sauti gani, kwa nia gani. Bibi yangu wa Busia angemuuliza kama hilo nalo lilihitaji shahada.

Nilimwambia binti amwandike yule kijana wa Bugiri, na jjajja na mbwa. Akaandika kurasa mbili, kurasa bora kuliko zote alizowahi kunitumia. Msimamizi akazirudisha na wino mwekundu pembeni: inavutia, lakini jedwali liko wapi?

Basi tukakesha tukichora jedwali. Safu ya kwanza, anayeongea. Ya pili, anayeongeleshwa. Ya tatu, lugha. Ya nne binti aliipa jina mwenyewe: mabega.

Msimamizi amekubali safu tatu.