Samaki Hawadaiwi Mafuta

Jumamosi iliyopita, tukivua kwa kujiburudisha, boti imetia nanga juu ya mwamba wa baharini, nilifunua boksi la barafu kutafuta maji ya kunywa nikakuta chewa sita wamelazwa chini ya mfuko wa chambo. Mkubwa wao hakuzidi urefu wa kiganja changu. Macho yamewatoka, matumbo yamesukumwa hadi mdomoni, kama inavyowapata samaki wanaovutwa haraka kutoka chini. Nikamuuliza mwenye boti, rafiki yangu wa miaka mingi, hawa wamefikaje humu. Hakunificha. "Ndugu yangu, si umeona bei ya mafuta? Leo hakirudi kitu majini. Lazima warudishe hela yetu."

Maneno hayo nimeshinda nayo wiki nzima. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, ili nisimtoe ute unaomkinga na maradhi. Ndiye aliyenikemea siku zile nilipotaka kubeba kila kilichonasa. Leo ndiye anayeficha watoto wa chewa chini ya mfuko. Wala si mtu mbaya. Ni bei ya mafuta imemwingia kichwani, na naona inatuingia wote.

Tukizungumzia mafuta, wengi wetu tunalalamikia safari zilizopungua. Kweli zimepungua. Tuliokuwa tunatoka kila wikiendi sasa tunatoka mara moja au mbili kwa mwezi, watu wanachangishana boti moja, na wale waliozoea kurambaza, yaani kuburuta mishipi nyuma ya boti inayokwenda, kutwa nzima wakifuata jodari siku hizi wanatia nanga mahali pamoja na kushusha mishipi. Hayo mimi hayanitishi. Nitakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba mengine yametufaa. Tumejifunza kusoma maji kabla ya kuwasha mashine, tukatoka maji yanapotoka na kurudi yanapojaa, badala ya kushindana na mkondo kwa nguvu ya petroli. Wapo pia waliohamia kwenye mtumbwi na kasia, na wanavua vizuri tu.

Kinachonitisha ni ile hesabu ya kutaka safari ijilipe.

Uvuvi wetu huu wa kujiburudisha haujawahi kujilipa. Jumlisha petroli, chambo, barafu, mishipi inayokatika kwenye mawe na matengenezo ya mashine, kisha gawa kwa kilo ulizoleta nyumbani. Hakuna samaki ghali kuliko huyo. Tulilijua hilo tangu zamani na halikutusumbua, kwa sababu hela ile hatukuitoa kununua kitoweo. Tuliitoa kwa ajili ya ile saa ya alfajiri maji yakiwa yametulia, na ule mtikisiko wa kwanza wa mshipi kidoleni ambao hata baada ya miaka ishirini bado unanisimamisha nywele. Mafuta yakiungua, hela imekwenda. Samaki hakuikopa na hawezi kuirudisha.

Lakini bei ikipanda, mtu anaanza kumtazama kila samaki kama noti, na hapo ndipo mwamba unapoumia mara mbili. Angalia inavyokwenda. Petroli ikiwa ghali hatuendi mbali, tunabaki kwenye miamba ya karibu. Boti zilizokuwa zikitawanyika kila moja na upande wake sasa zinakusanyika mahali pamoja. Jumamosi ile nilihesabu tisa zimetia nanga pale ambapo zamani ungekuta mbili. Na maji ya karibu na pwani ndiyo wanamokulia samaki wengi wakiwa wadogo, kabla hawajashuka kwenye kina. Kwa hiyo tumepeleka ndoano nyingi zaidi mahali penye watoto wengi zaidi, halafu tumefika na nia ya kutorudisha chochote. Huko mbali waliko wakubwa hatuna uwezo wa kufika, basi tunawamaliza wadogo waliokuwa waende kuwa wakubwa.

Chewa ndiye ninayemwonea uchungu zaidi, kwa sababu hana haraka. Aina nyingi za chewa huchukua miaka kadhaa kufikia kuzaa, na nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao wakishakua hugeuka madume. Ukimtoa wa kiganja kimoja, hajawahi kutaga hata mara moja. Ukifika wakati wa kumwachia napo umechelewa kama umemvuta kutoka mita 30, kwa maana hewa iliyomo kwenye kifuko chake imeshatanuka, anaelea tumbo juu na ndege wanamshukia. Dawa yake ni kuhama mara moja unapoona wadogo wanafuatana kwenye ndoano. Tatizo ni kwamba kuhama kunataka kuwasha mashine, na mashine ndiyo tunayoiogopa siku hizi. Tukakaa palepale tukiendelea kuwavuta.

Nami nilikaa. Ndoano yangu nayo ilikuwa majini.

Watu huniambia bei ni mbaya, hatuna la kufanya. Bei za mafuta nimeziona zikipanda na kushuka. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 147, na mwaka huohuo haujaisha lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, likapita tena dola 120, kisha likashuka. Petroli inaweza kurudi chini ndani ya miezi mitano. Mwamba uliovuliwa watoto wake haurudi kwa kasi hiyo.

Ubaya wa pili wa hesabu hii ni hatari kwetu wenyewe, na hapa naomba mnisikilize hata kama ya samaki hayakuwagusa. Kanuni tuliyolelewa nayo ni theluthi moja ya tangi kwenda, theluthi kurudi, na theluthi ya mwisho haiguswi. Siku hizi ile ya mwisho ndiyo inayoliwa. Mtu anapima umbali, anatia mafuta ya kwenda na kurudi, anaongeza kidogo cha kujiliwaza, anatoka. Jumamosi hiyohiyo upepo ulipoanza kugeuka, mwanzoni mwa mchana, nilisema tung'oe nanga. Jibu likawa lilelile: tumechoma mafuta yote yale kufika hapa, turudi na samaki wangapi? Tukakaa saa moja zaidi.

Mafuta ya kurudi hayalingani na ya kwenda. Asubuhi maji yakiwa shwari boti hupanda juu na kuteleza. Mchana, upepo ukiwa usoni na mawimbi yamesimama, unalazimika kupunguza mwendo, boti inashuka, omo ya mbele inanyanyuka na tezi ya nyuma inazama, na mashine inasukuma kilima cha maji ambacho boti yenyewe imekitengeneza. Kwa boti yenye mita 6 majini, taabu hiyo huanza ikipita maili 6 za baharini kwa saa hivi, na huisha pale tu inapopata nafasi ya kupanda tena. Katikati ya hapo unakunywa mafuta mengi na ufuko hausogei.

Miaka iliyopita niliwahi kurudi hivyo. Mshale wa mafuta ulionyesha bado robo, nami nikauamini. Tangi likiwa chini na boti inarushwa, mafuta yanayumba huku na huko, na bomba la kunyonya linakosa. Linanyonya hewa, linanyonya na maji yaliyokuwa yametuama chini ya tangi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Mashine ilikohoa mara tatu ikanyamaza. Mwenzangu alikimbilia nanga, lakini kamba haikufika chini. Tulikaa tukisukumwa ubavuni karibu saa mbili, tukitapika wote wawili, mpaka boti nyingine ilipotuona na kutupa kamba. Mkono wangu wa kulia ulitetemeka mpaka usiku. Tangu siku hiyo mtu akiniambia ameokoa lita kumi kwa kupunguza akiba, namwona mwenzangu akivuta kamba ya nanga isiyo na mwisho.

Anayetaka kuokoa mafuta ana pa kuyaokolea. Mashine ya nguvu farasi 100 ikifunguliwa yote hula lita 30 hadi 40 kwa saa. Ishushe kutoka mizunguko 6,000 kwa dakika hadi 4,000 na ulaji wa saa moja hupungua kwa nusu au zaidi, na nyumbani mtafika tu. Kwangua mwani na magamba yaliyoota chini ya boti, maana hayo yanakula mafuta kimyakimya. Shusha mizigo isiyo na kazi. Propela iliyopinda ipelekwe kwa fundi. Kama hela bado haitoshi, usitoke wiki hiyo, nami najua inavyouma kubaki nchi kavu asubuhi maji yakiwa kioo. Nimebaki mara nyingi mwaka huu.

Rafiki yangu nilimpigia juzi. Sikumpigia kugombana, kwa sababu nampenda na kwa sababu nami nilikuwemo. Nilimwambia nataka tubadilishe jambo moja: hela ya mafuta tuikusanye siku moja kabla, tuijaze kwenye tangi lote pamoja na ile theluthi ya mwisho, na tukishafungua kamba mtu yeyote asiitaje tena mpaka tutie nanga nyumbani. Alinyamaza kidogo, akasema nimefikiria vizuri. Kisha akaniuliza wale chewa sita nimewahesabuje, maana yeye alidhani ni wanne.

Keshokutwa tunatoka. Nimekata kipande cha ubao nikakichora alama za sentimita kwa msumari wa moto, ili zisifutike kwa maji ya chumvi. Nitakipigilia juu ya kifuniko cha boksi la barafu, pale mkono unaposhika kulifungua.