Watu Wakiwa Wengi, Nani Atasaidia?

Machi 1964, huko Queens, New York, Kitty Genovese alichomwa kisu usiku karibu na nyumbani kwake, akafariki. Wiki mbili baadaye, gazeti la The New York Times liliandika kwamba watu 38 walishuhudia na hakuna aliyepiga simu polisi wakati akishambuliwa. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané hawakuridhika na jibu la haraka kwamba watu wa mjini hawana utu. Wao walishuku idadi yenyewe ya mashuhuda.

Mwaka 1968 walichapisha jaribio lao. Mwanafunzi aliwekwa peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla sauti ya mmoja wao ikaanza kukatika, akisema ameshikwa na kifafa. Sauti ile ilikuwa imerekodiwa. Kati ya walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, 85% walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, ni 31% tu. Ndipo likaja wazo la mtawanyiko wa wajibu: kila mmoja anaona mzigo umegawanywa, na sehemu yake ni ndogo.

Wengi hulinukuu jaribio hili kuthibitisha kwamba umati hauna huruma. Mimi naona si haki. Waliobaki vyumbani walikutwa mikono ikitetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama yule mgonjwa yuko salama. Huruma walikuwa nayo; walichokosa ni uamuzi. Hata habari ya Genovese ilikuwa imetiwa chumvi, na gazeti lenyewe lilikuja kukiri hivyo. Jirani mmoja alitoka akamkumbatia alipokuwa akikata roho.

Kisha kuna utafiti wa kamera za usalama, uliotoka miaka hamsini hivi baada ya jaribio lile. Richard Philpot na wenzake walipitia picha za ugomvi 219 wa hadharani huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika 91% ya matukio hayo, angalau mtu mmoja aliingilia kati, na watu walipozidi kuwa wengi, uwezekano wa mhusika kupata msaada ulizidi pia.

Je, nadharia imeanguka? Sidhani. Tuchukue ile 31%. Kama kweli wangekuwapo wasikilizaji watano, kila mmoja akiamua kivyake kwa nafasi hiyo hiyo, uwezekano wa angalau mmoja kuinuka ungekuwa takriban 84%, karibu sawa na yule aliye peke yake. Darley na Latané walipima nafasi ya mtu mmoja mmoja kutoa msaada. Kamera zilipima nafasi ya mhitaji kuupata. Ni maswali mawili, na mabishano mengi yanatokana na kuyachanganya.

Hata hivyo, hesabu hiyo inadai kila mtu aamue bila kumtazama mwenzake, na hapo ndipo nadharia ina nguvu zaidi. Katika jaribio lao jingine la 1968, moshi uliingizwa chumbani. Waliokuwa peke yao, 75% walitoa taarifa. Walioketi na watu wawili waliopangwa wasishtuke, ni 10% tu. Wengine wakaendelea kujaza fomu huku wakikohoa. Ugomvi wa barabarani hauna utata, kila mtu anaona ngumi. Moshi una utata, na mwenye shaka huusoma uso wa jirani yake kwanza.