Nukta Mbili Zilizomfungia Meneja Nje

Meneja wetu hapa Westlands alipandishwa cheo, akataka cheo kionekane hadi kwenye seva ya Linux anakochotea ripoti za mauzo. Kazi ya dakika moja: unaandika `sudo usermod -c "Meneja wa Mauzo" meneja`, amri ya kubadilisha maelezo ya mtumiaji, unaenda zako kula chapo madondo. Lakini Kevo, mwenzangu wa kutunza seva, hapendi amri zinazokwisha kabla watu hawajamwona akifanya kazi. Akafungua /etc/passwd, faili yenye orodha ya watumiaji wa seva, kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, akaandika:

`meneja:x:1004:1004:Meneja: Idara ya Mauzo:/home/meneja:/bin/bash`

Mstari huo hutakiwa uwe na sehemu 7: jina la kuingilia, x (nywila yenyewe iko /etc/shadow), namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo, folda ya nyumbani, na programu inayofunguka mtu akiingia. Kinachozitenganisha ni nukta mbili. Zile alizoongeza Kevo baada ya neno "Meneja" zikasukuma kila kitu mbele: nyumbani kwa meneja kukawa "Idara ya Mauzo", na programu ya kuingilia ikawa "/home/meneja:/bin/bash", kitu ambacho hakiko popote. usermod na chfn, amri nyingine ya kubadilisha maelezo hayo, zingezikataa papo hapo. Nano haijali, kwake hata orodha ya sokoni ni faili.

"Kevo, mbona seva inanikataa?"

"Jaribu tena polepole, boss."

Akajaribu polepole. SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ikiona programu ya kuingilia haipo humkataa mtu hata akiweka nywila sahihi, wala haimwambii kwa nini. Sababu huandikwa /var/log/auth.log, ambako Kevo hakuangalia. Yeye alikumbuka pwck, amri ya kukagua /etc/passwd. Wazo zuri, laiti angeweka -r ya kusoma tu! Bila -r, pwck ilikuta mstari mbovu ikauliza: ufutwe? Kevo akabonyeza y kwa ujasiri wa makanga anayekuapia matatu imebakisha mtu mmoja. Likaja swali la pili: kuna meneja kwenye shadow asiye na mwenzake kwenye passwd, naye afutwe? Hapo nikabonyeza n mwenyewe, kidole cha Kevo kikiwa bado hewani.

Basi meneja akawa hayupo. `ls -l`, amri ya kuorodhesha faili na wenyewe, ikaonyesha ripoti zake zote ni mali ya 1004.

"Huyu 1004 ni nani?" akauliza, ameinama nyuma yetu.

"Ni wewe, boss."

Bahati nzuri pwck huacha nakala ya faili kabla ya kuigusa: /etc/passwd-, yenye kistari mwishoni. Tukachukua mstari humo, tukaurudisha kwa vipw, amri ya kuhariri /etc/passwd, ambayo hufunga faili ili mwingine asiihariri wakati huohuo. Kevo akaondoa nukta mbili za ziada, akaweka mkato. Meneja akaingia, akafurahi.

Ila sehemu ya maelezo nayo hugawanywa kwa mkato: jina kamili, chumba, simu ya kazini, simu ya nyumbani. Kwa hiyo ukiandika `finger meneja`, amri ya kuonyesha habari za mtumiaji, unaambiwa jina lake ni Meneja na chumba chake ni Idara ya Mauzo. Yeye hajauliza, na Kevo hajamwambia.