Ramani ya Dufour Haijazeeka

Nikifungua ramani ya Dufour, ramani ya Uswisi ya karne ya 19, macho hukimbilia Gletsch, karibu na chanzo cha mto Rhône. Pale ulimi wa barafu umechorwa ukishuka mpaka chini bondeni. Leo barafu hiyo imerudi juu ya ukingo wa mwamba, na mbele yake limetanda ziwa. Ndiyo maana huniuma kusikia ramani hii ikiitwa pambo la ukutani.

Guillaume-Henri Dufour, mhandisi, alifungua ofisi ya ramani Geneva mwaka 1838. Vipande 25, kwa skeli ya 1:100,000, vikachapishwa kati ya 1845 na 1865. Vipimo vililetwa na miguu ya watu. Mwaka 1850 mpima ardhi Johann Coaz alipanda Piz Bernina, mlima wa zaidi ya mita 4,000 ambao hakuna aliyejulikana kuwahi kufika kileleni. Walifika jioni, pamoja na wasaidizi wake, ndugu wawili Jon na Lorenz Ragut Tscharner. Hawa wawili hutajwa kwa nadra mno, nami naona wamedhulumiwa.

Wapo wanaosema ramani inadanganya. Uswisi, jua la mchana hukaa kusini, lakini wachongaji wa mabamba ya shaba yaliyochapia ramani waliiangaza milima kutoka kaskazini-magharibi, kwa vistari vyembamba vinavyosongamana upande wa kivuli. Kwa hiyo mteremko unaoota jua kutwa nzima umetiwa weusi. Mimi nautetea uamuzi huo. Ipindue karatasi juu chini uitazame: mabonde yanainuka kama migongo, vilele vinadidimia. Jicho limezoea nuru itokayo juu, na wachongaji walilichorea jicho.

Kosa la kweli lipo. Urefu wote ulihesabiwa kutoka kwenye jiwe la Pierre du Niton, katika bandari ya Geneva, lililodhaniwa kuwa mita 376.86 juu ya bahari. Baadaye likapimwa upya: 373.6. Kila kilele kilikuwa kimezidishiwa zaidi ya mita 3! Lakini barafu ya Gletsch ilikuwa palepale ilipochorwa, na hakuna setilaiti iliyokuwepo kuiona.

Kwa maoni yangu, yeyote anayefundisha habari za barafu za Alpi aanze na kipande hiki chenye Gletsch. Idara ya ramani ya Uswisi imeziweka ramani zake za zamani mtandaoni bure, kuanzia hiyo ya Dufour, na unaweza kusogeza miaka ukaona ulimi ule ukipanda mlima.